Jicho la Ngaramtoni, Sanduku la Nkoaranga

Nkoaranga,
12 Februari 2024

Mpendwa ndugu yangu Koikai,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Barua hii nimempa Tabitha, binti wa marehemu dada yangu, anayeleta ndizi huko kwenu siku ya soko. Simu ninayo, lakini mambo ya kazi yetu hayajawahi kupita kwenye simu, nami sioni sababu ya kuanza uzeeni.

Kipaimara cha hapa kitakuwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Mchungaji wetu mpya, ambaye bado ni kijana, ameniuliza kama ni kweli kwamba wale wazee wa picha huja. Nimemjibu kuwa huja. Sanduku nimelifungua jana na kulipangusa. Shata yake ya kupigia picha inalia sauti ile ile, na mkanda wa filamu upo, aliotutafutia mwanangu Ephraimu huko Nairobi. Kilichobaki ni wewe kuja na jicho.

Ilinibidi nimweleze kijana huyo mpango wetu, kwa kuwa hakuufahamu. Nilimwambia kwamba kamera hii ni ya watu wawili: bodi yake, tunayoiita sanduku, hulala kwangu, lenzi yake, tunayoiita jicho, hulala kwako, upande wa pili wa Mlima, na kwamba tangu tulipotoka chuo cha uinjilisti haijapigwa picha hata moja bila sisi wawili kukutana.

"Sasa mzee, mkigombana?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo sababu hatugombani.

Akauliza tena kama kweli haijawahi kupiga picha nyumbani kwangu. Nikamwambia haijapiga kwangu wala kwako, kwa maana tuliweka hivyo mbele za Mungu, asipatikane wa kusema kwamba watumishi wa Injili wanajihudumia wenyewe kwanza. Kijana aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Sidhani kama alielewa.

Mama Ephraimu amelazwa tena hospitali ya hapa chini, na tatizo ni ule ule moyo wake. Anakushukuru kwa loshoro ya mahindi na maziwa mgando uliyomletea, ambayo aliinywa yote nesi alipogeuka. Amenituma nikuandikie maneno haya kama alivyoyasema: "Mwambie Mwarusha wako asiache kuja, kwa maana yeye huzungumza, wewe unaomba tu." Nimeyaandika.

Ndugu yako katika Kristo,
Elirehema


Ngaramtoni,
20 Februari 2024

Mzee mwenzangu Elirehema, olchore lai, rafiki yangu,

Bwana asifiwe. Barua imefika pamoja na mkungu ambao Tabitha alidai ni zawadi yako, ingawa macho yake yalisema ni wake. Mungu amwinue shemeji. Mwambie nitakuja, na safari hii loshoro nitaificha ndani ya chupa ya chai.

Kuhusu jicho, usishtuke. Lilikuwa limeota ukungu kwa ndani, nikampa Nanyori, binti yangu mwenye studio ya picha huko mjini, Kwa Mrombo, alisafishe. Limesafishika. Ila amenionyesha jambo ambalo sijaweza kulitoa moyoni, nami sitaki likae kwangu bila wewe kulijua.

Kamera za siku hizi hazina tena kile kioo cha ndani, kwa hiyo ni nyembamba, na lenzi za zamani kama yetu zinaweza kufungwa juu yake kwa pete ya chuma. Pete yenyewe haina kioo wala umeme. Inashika jicho mbele na kamera nyuma, ikiliweka mbali kadiri lile jicho lilivyozoea kukaa kwenye sanduku lake. Na mtu akichungulia, Elirehema, anaona kupitia jicho lenyewe.

Je, umewahi kufikiri kwamba katika miaka yetu yote mimi sijachungulia? Dirisha liko kwenye sanduku, juu ya jicho wala halipitii jichoni, na sanduku ni lako. Mimi nilikuja na jicho, nikalifunga mahali pake, nikasimama kando nikiwaambia watoto wanyooshe kola. Aliyeona ni wewe. Sifa yangu ni moja tu, nayo unaijua: mwaka ule niliposahau kutoa kifuniko, nawe ukapiga mkanda mzima, kwa sababu dirishani kwako kila kitu kilionekana vizuri. Watoto wa mwaka ule wote hawana picha, na mama zao mpaka leo huniita Mzee Kifuniko.

Basi nauliza. Waonaje nikijaribu hiyo pete? Nitapiga kuku tu, au ukuta.

Wako,
Koikai


Nkoaranga,
27 Februari 2024

Ndugu Koikai,

Nimeisoma barua yako na kukaa nayo siku kadhaa kabla ya kujibu.

Jibu langu ni hapana. Silikatai jambo hilo kwa sababu ya ugeni wake. Hata sanduku letu lilikuwa geni kwa baba zetu. Ninalikataa kwa sababu tulipogawana kamera hatukugawana chuma na kioo. Tuligawana ruhusa, kila mmoja akaishika nusu yake. Ukiipata njia ya kuona bila mimi, hata kama unachokiona ni kuku, mimi nitakuwa nimebaki na nini mkononi?

Nisingependa tuandikiane tena juu ya jambo hili.

Mama Ephraimu anaketi sasa kwenye baraza ya wodi wakati wa jua. Tumwombee.

Ndugu yako katika Kristo,
Elirehema


Nkoaranga,
6 Mei 2024

Mpendwa Koikai,

Nimechelewa kukushukuru. Ulisimama nami kaburini kwa Mama Ephraimu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka udongo wa mwisho, na vijana walipokuletea kiti ulikikataa kwa kuwa mimi sikuwa nimekaa. Niliona, ingawa sikusema.

Kipaimara kilipita bila sisi. Nasikia watoto walipigwa picha kwa simu.

Nakuandikia neno ambalo siwezi kumwambia Ephraimu. Kwenye kile kijitabu cha ibada ya mazishi waliweka picha ya kitambulisho chake cha taifa, wakiikuza. Umeiona. Yule mama aliyekaza shingo kama anayengojea kukemewa siye niliyeishi naye. Lakini sasa, nikifumba macho, ndiye anayekuja. Nautafuta uso wa Agnela, uso wake wa jikoni, uso wake wa shambani akitua kikapu cha kahawa, naletewa ule wa kitambulisho. Kila asubuhi naomba, Koikai. Nimeomba kwa magoti ambayo hayapigiki tena, kwamba nirudishiwe uso wake hata mara moja.

Picha yake sina, kwa kuwa ndivyo tulivyoamua, na uamuzi ulikuwa mwema.

Je, wewe wamkumbuka alivyokuwa akicheka? Kama wakumbuka, niandikie.

Ndugu yako,
Elirehema


Ngaramtoni,
15 Mei 2024

Elirehema, olchore lai,

Machozi si haba huku kwangu pia. Shemeji alicheka kwanza kwa mabega, ndipo kwa mdomo. Alikuwa akijizuia, halafu anashindwa, halafu anamlaumu aliyemchekesha. Hayo nayakumbuka.

Zaidi ya hayo kalamu yangu ni nzito. Nitakuambia neno moja, nawe ulipime: kama kuna kitu unakihitaji kwangu, kitaje kwa jina lake. Kitaje, ndugu yangu, nami sitakunyima.

Nakuombea usingizi.

Koikai


Nkoaranga,
3 Juni 2024

Koikai,

Ulinitaka nitaje kitu kwa jina lake. Sasa nataja.

Ijumaa nilishuka mjini kutafuta mtu wa kuitengeneza ile picha ya kitambulisho, ailegeze shingo kama inawezekana. Sikujua fundi wa picha mwingine isipokuwa binti yako, na nilifikiri nyumba yako ni nyumba yangu. Nilifika Kwa Mrombo nikiwa nimechoka. Nanyori aliniamkia vizuri.

"Shikamoo baba."

Nikaitika. Nikampa kitambulisho na kumweleza haja yangu. Alikishika lakini hakukitazama.

"Baba, kaa kwanza. Nikuletee maji."

Nikamwambia sikuja kukaa. Alikuwa amesimama mahali pasipo pa kawaida, katikati ya sakafu, kama mtu anayeziba kitu. Ndipo nikatazama juu ya bega lake. Kati ya maharusi na watoto wa ubatizo alikuwepo mke wangu, kwenye kiti cha plastiki cha baraza ya wodi, akicheka.

Nimehubiri juu ya Petro na jogoo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikujua mpaka Ijumaa jinsi inavyokuwa kwa yule aliyekanwa.

Sikuhitaji kuambiwa ni jicho gani lililompiga. Pembeni kushoto kuna ile alama ya nuru, kama mwezi mchanga, iliyokuja tangu jicho lilipobonyea kwenye ngazi za kanisa la Ilboru, ambayo huonekana jua likipiga kwa ubavu. Nimeiona katika vipaimara vyote. Tena Mlima nyuma yake umefifia kama uji, hali katika sanduku letu Mlima haujawahi kukosa kutoka wazi. Basi nikajua kwamba jicho ni letu, na sanduku si letu.

"Nani amempiga?" nikauliza, japo nilijua.

"Baba, mimi nilidhani umeshapewa. Ningejua nisingeiweka ukutani."

"Nani, Nanyori?"

"Mzee wangu."

"Kwa sanduku lipi?"

"Si kwa sanduku, baba. Kwa ile pete. Imezidi unene kidogo, kama unywele, jicho linakaa mbele mno, ndiyo maana Mlima..."

Maskini, alitaka kunieleza Mlima.

Niliondoka. Kitambulisho nimekisahau kwake.

Nilikukatalia kuku, ukampiga mke wangu. Hilo ningeweza kulibeba. Lisilobebeka ni barua yako ya tarehe kumi na tano. Nilikuandikia kwamba uso wake unanitoka, nikakuuliza alivyokuwa akicheka, nawe ulikuwa na kicheko chenyewe ndani ya nyumba yako. Ukanijibu mabega.

Naye mke wangu pia alijua. Alikufa akijua, na mkono wake ukiwa katika mkono wangu.

Elirehema


Ngaramtoni,
10 Juni 2024

Elirehema,

Nitakuandikia yote, wala sitapamba. Kwa ukuta wa Nanyori naomba radhi, nilipaswa kumwambia kwamba hujapewa. Kwa picha yenyewe siombi radhi, nawe utaona kwa nini, au hutaona.

Jibu lako la hapana liliponifikia nilikuwa nimekwisha kuijaribu ile pete. Nilichungulia, nikaona kuku wa jirani kupitia kioo nilichokibeba tangu ujana wangu, na sikuona haya kulia. Niliposoma barua yako nilikusudia kuivua. Sikuivua.

Nilikuja hospitali katikati ya Machi, kamera ya Nanyori shingoni. Shemeji alikuwa peke yake barazani.

"Mzee yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko wodi ya wanaume, anaomba."

"Basi nimsubiri."

"Utazeeka. Na hicho ulichojivika ni nini?"

Nikamwambia kamera ni ya binti, ila jicho ni letu.

"Sanduku nimeliacha chini ya kitanda chetu," akasema. "Jicho linafanya nini huku?"

"Linatembea, shemeji."

"Basi linitazame. Nipige."

Nilimkumbusha kanuni. Akaniuliza, "Mlipoiweka hiyo kanuni, mimi nilikuwepo?"

"Hukuwepo."

"Basi sikuikubali. Nipige."

Nikainua kamera nikachungulia. Ilikuwa giza tupu. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Nikamwambia, "Shemeji, imekufa. Naona giza." Akanitazama, yale mabega yakaanza, akasema, "Mzee Kifuniko. Toa kifuniko." Nikakitoa, na pale jichoni alikuwepo yeye, amekwisha kushindwa kujizuia. Nikapiga. Akasema, "Angekuwa mume wangu, angepiga mpaka mkanda uishe."

Hicho ndicho alichokuwa akikicheka. Umepata jibu la swali lako.

Alipotulia alinipa agizo. Alisema, "Siku akiomba picha yangu, mpe. Asipoomba usimpe, hata akilia. Amewatazama watoto wa watu kupitia dirisha lile tangu anioe. Mimi hajaomba kunitazama hata siku moja. Nataka aombe."

Niliahidi. Ndiyo maana nilikuandikia utaje. Barua yako ya Mei niliipitia mstari kwa mstari nikilitafuta neno hilo, na badala yake nikakuta umeandika kwamba picha huna na kwamba uamuzi ulikuwa mwema. Ningefanya nini? Ningevunja kanuni yako na agizo lake pia?

Umesema tuligawana ruhusa. Hatukugawana sawasawa. Wewe uliona, mimi nilibeba. Nimeona mara moja.

Koikai


Nkoaranga,
24 Juni 2024

Koikai,

Tabitha atakupa barua hii asubuhi ya soko. Nimemwambia asingoje jibu.

Unasema uliitafuta barua yangu mstari kwa mstari na hukuliona neno. Nimeitafuta nakala yake kichwani mwangu, kwa maana nayakumbuka niliyoandika siku ile. Niliandika kwamba naomba kila asubuhi. Niliandika kwamba nimeomba kwa magoti. Neno lilikuwepo mara mbili, Koikai. Wewe ulilisoma ukaona kwamba halikuelekezwa kwako, ukalipita. Mwenzako amefiwa, nawe ukamngojea sarufi.

Waweza kusema kwamba ndivyo alivyoagiza. Sitabishana na marehemu wangu. Alichotaka ni haki yake, na hesabu yangu naye itafanyika mahali ambapo wewe hutakuwepo. Lakini yeye alikuagiza akiwa hai, akifikiri kwamba utakuwa na moyo wa kutambua mtu anayeomba. Hakufikiri kwamba utayashika maneno yake kama karani.

Nitakuambia na lililo baya zaidi, kisha nitanyamaza. Nimemwona mara moja tu, juu ya bega la Nanyori, na nilichokiona sikitaki tena na sina namna ya kukikataa. Katika picha ile anamtazama mtu. Macho yake yamemshika yule aliye nyuma ya kamera, amemfurahia, amemcheka, amemsamehe upumbavu wake wa kifuniko. Katika picha moja tu ya mke wangu iliyo hai duniani, mtu huyo ni wewe. Kila nitakapomtazama atakuwa akikutazama wewe. Hakuna pete ya kurekebisha hilo.

Hata hivyo naomba.

Naomba picha ya mke wangu Agnela. Nimeliandika neno kama alivyotaka, kwa mkono wangu, na limeelekezwa kwako, usije ukasema hukulikuta.

Ailete Nanyori. Atakapokuja nitampa sanduku akuletee, liwe lako, pamoja na ule mkanda. Shata inafanya kazi. Sikusudii liunganishwe na jicho tena. Ninyi mna pete yenu. Nakupa kwa ajili ya dirisha, kwa kuwa umenilaumu kwamba hukupewa kuchungulia. Asubuhi hizi nimekuwa nikilielekeza kwenye kile kigoda cha jikoni alichokuwa akikalia. Laonyesha vizuri sana: kigoda, ukuta, mwiko, nuru inavyoingia. Halihifadhi kitu. Chungulia, Koikai, mpaka ushibe. Ndivyo nilivyoona mimi miaka yote unayonihusudu.

Wewe usije. Siku nikitaka uje nitakuomba, tena kwa neno lenyewe, kwa maana nimejifunza kwamba bila neno husikii.

Elirehema